Somo la Chakula: Mawese Mekundu na Macho ya Watoto



Katika somo la mwezi huu twataka kunena habari za kitu ambacho wengi wetu wanakijua kwa kukiona, lakini thamani yake hawaijui. Kitu hicho ni mawese, yaani mafuta mekundu ya mchikichi. Kigoma na Ujiji, na ng'ambo ya ziwa katika Kongo, na pwani ya ziwa upande wa Burundi, hakuna haja ya kumweleza mtu mawese ni nini. Huko ni kitoweo cha baba na babu. Lakini hata huko limeingia neno moja ambalo twaona yafaa kulichungua pamoja. Twasikia watu wakisema ya kuwa mafuta mekundu ni mafuta ya shamba, na ya kuwa nyumba iliyostaarabika hupika kwa mafuta meupe ya chupa. Wengine huyachemsha mawese juu ya moto mkali mpaka wekundu wake utoke, wakidhani wameyasafisha.

Twasema mapema, ili msomaji ajue twaelekea wapi: wekundu ule si uchafu. Wekundu ule ndio hazina yenyewe. Mtu akiuondoa, amebaki na mafuta tu, na kile kilichokuwa kinga ya macho ya mtoto wake amekitupa motoni. Tafadhali msituamini kwa kusema tu. Tufuatane hatua kwa hatua.

1. Mti na mafuta yake

Asili ya mchikichi ni nchi za Afrika ya Magharibi, na kwa hiyo wataalamu wa mimea huuita Elaeis guineensis, yaani mti wa Guinea. Jina hilo lilitolewa na Nikolaus Jacquin katika mwaka 1763. Lakini kandokando ya ziwa Tanganyika umekuwapo tangu zamani. Msafiri Richard Burton, aliyefika Ujiji katika mwaka 1858, aliandika ya kuwa mawese yalikuwa bidhaa ya biashara katika nchi zile.

Tunda la mchikichi hutoa mafuta ya namna mbili, wala haifai kuyachanganya katika mawazo yetu. Nyama ya nje ya tunda hutoa mawese, nayo ni mekundu. Kokwa iliyo ndani ya gamba gumu hutoa mafuta ya mise, nayo rangi yake ni hafifu, karibu na nyeupe. Mafuta ya mise yafaa kwa sabuni na kwa kazi nyingine nyingi, lakini ile hazina tunayoinena leo haimo. Imo katika yale mekundu peke yake.

Akina mama wanaoyatengeneza wajua kazi yake. Mikungu hukatwa, matunda hupukuchuliwa, huchemshwa mpaka yalainike, hutwangwa au kukamuliwa kwa mashine ya mkono, kisha mafuta huengulewa juu ya maji na kupashwa moto ili maji yaliyobaki yatoke. Katika kazi hiyo wekundu haupotei kwa wingi. Hupotea baadaye, watu wakiongeza moto pasipo haja.

2. Ugonjwa unaoanza magharibi

Kuna ugonjwa ambao dalili yake ya kwanza haionekani mchana. Mtoto hucheza na wenzake jua likiwaka, wala hakuna aonaye upungufu. Lakini jua likichwa, wenzake wakiendelea kukimbia, yeye huketi karibu na mama yake. Akitumwa hujikwaa kwenye kinu. Akipewa chakula hupapasa akitafuta bakuli. Wazazi wengine humkaripia, wakidhani ni mvivu au mwoga. Kumbe mtoto haoni. Jicho lake limekosa kitu kinachohitajiwa ili lipate kuona katika mwanga mdogo.

Asiposaidiwa, weupe wa jicho hukauka na kupoteza mng'ao, na pengine huonekana mabaka kama povu. Halafu kioo cha mbele cha jicho huwa na ukungu, hufanya kidonda, na mwisho huoza. Hapo hakuna tena tabibu awezaye kurudisha kuona. Shirika la Afya Duniani limepata kukadiria ya kuwa kila mwaka watoto kati ya 250,000 na 500,000 hupofuka kwa njia hii, na nusu yao hufa katika muda wa miezi 12 baada ya kupofuka. Hufa kwa sababu kitu kile kilichokosekana hakilindi macho tu. Hulinda pia ngozi ya ndani ya koo, mapafu na matumbo, ambayo ndiyo boma la mwili juu ya magonjwa.

Kitu hicho huitwa vitamini A.

3. Jinsi sababu ilivyotambulika

Mtu aweza kudhani ya kuwa ugonjwa huu ni wa nchi za joto tu, au wa watu wasio na ng'ombe. Sivyo. Katika miaka ya 1910 hata 1920 watoto wengi wa Denmark, nchi ya maziwa na siagi, walipatwa na ugonjwa huu huu, na wengine wakapofuka kabisa. Tabibu aliyewatibu katika Copenhagen aliitwa Carl Edvard Bloch.

Bloch alijiuliza: yawezekanaje watoto wapofuke katika nchi yenye ng'ombe wengi hivi? Akaona sababu. Bei ya siagi katika nchi za nje ilikuwa nzuri, hasa wakati wa Vita Kuu ya kwanza, na siagi ya Denmark iliuzwa ng'ambo kwa wingi. Watu maskini walikula siagi ya bandia iliyotengenezwa kwa mafuta ya mimea yaliyosafishwa, na watoto wao walipewa maziwa yaliyokwisha kuenguliwa mafuta. Tumbo lilishiba, lakini jicho lilikaa na njaa.

Katika mwaka 1917 aliona jambo lililomthibitishia. Katika nyumba moja ya kulelea watoto walikaa watoto 32 wa umri wa mwaka mmoja hata minne, katika sehemu mbili, 16 huku na 16 huku. Sehemu moja walipewa maziwa kamili. Katika sehemu ya pili maziwa hayo yalikuwa yameondolewa katika chakula chao. Katika sehemu hii ya pili watoto 8 waliugua macho. Katika ile ya kwanza hakuugua hata mmoja. Nyumba ni moja, hewa ni moja, walezi ni wa namna moja. Tofauti ni chakula. Bloch akawapa wagonjwa mafuta ya ini la samaki, nao wakapona upesi.

Halafu likatokea jambo la kushangaza. Mwishoni mwa mwaka 1917, kwa sababu ya shida ya vita, siagi ilianza kugawiwa kwa kipimo, na kila nyumba, hata ya maskini, ikapata fungu lake. Katika mwaka 1918 ugonjwa ule karibu ukatoweka.

Ndugu wasomaji, twaomba mlishike jambo hili. Wale watu hawakukosa dawa. Dawa ilikuwa zizini mwao, nao wakaiuza.

4. Maana ya rangi

Sasa swali ni hili: siagi na ini la samaki vyatoka kwa wanyama; je, mmea waweza kumpa mtu vitamini hiyo?

Katika mwaka 1919 Harry Steenbock, mtaalamu wa Wisconsin katika Marekani, alitangaza jambo aliloliona alipowalisha panya mahindi. Waliokula mahindi ya manjano waliendelea vizuri. Waliokula mahindi meupe walidhoofika. Akafikiri ya kuwa lazima kuna uhusiano kati ya rangi ya manjano na vitamini ile. Miaka kama kumi ikapita, ndipo Thomas Moore wa Cambridge katika Uingereza akaonyesha ya kuwa panya akilishwa karotini, yaani ile rangi ya karoti, mwili wake huigeuza kuwa vitamini A na kuiweka akiba katika ini. Basi fumbo likafumbuliwa. Mmea hauna vitamini A yenyewe, bali una karotini, na mwili wa mtu huigeuza kwa kadiri ya haja yake.

Karotini hiyo ndiyo inayoyatia mawese wekundu. Katika kilo moja ya mawese yasiyosafishwa mna kadiri ya miligramu 500 hata 700 za karotini na jamaa zake. Tukilinganisha kwa uzito mmoja, mawese yana nguvu hiyo mara nyingi kuliko karoti zenyewe. Tena yana faida nyingine ambayo karoti haina: karotini yataka mafuta ili iingie mwilini, na katika mawese imekwisha kuyeyuka ndani ya mafuta tangu mwanzo. Pamoja nayo mna vitamini E pia.

Katika viwanda vingi mafuta ya mchikichi husafishwa kwa udongo maalumu unaonyonya rangi, kisha hupitishwa katika joto lipitalo digrii 200. Yatokayo ni maangavu na hayana harufu, nayo hudumu siku nyingi dukani. Ni chakula, wala hatusemi ni sumu. Lakini karotini imekwisha. Kiwanda kisipoyatia vitamini tena, hayana cha kulipa jicho. Na anayechemsha mawese nyumbani mpaka yawe meupe afanya kazi ile ile ya kiwanda kwa kuni zake mwenyewe.

5. Ushuhuda wa karibu nasi

Huenda msomaji atauliza kama upungufu huu ni jambo kubwa hivi. Katika mwaka 1986 Alfred Sommer na wenzake walitangaza habari za kazi yao katika Aceh, Indonesia. Vijiji 450 viligawanywa; katika baadhi watoto walipewa vitamini A, na katika vingine hawakupewa mpaka uchunguzi ulipokwisha. Katika vile vilivyopewa, vifo vya watoto vilipungua kadiri ya theluthi moja.

Mwaka uliofuata, 1987, ilitangazwa habari kutoka kwetu Tanzania, katika hospitali ya Mvumi, Dodoma. Watoto 180 waliolazwa kwa surua waligawanywa kwa bahati nasibu. Kati ya 88 waliopewa vitamini A pamoja na matibabu ya kawaida walikufa 6. Kati ya 92 waliopata matibabu ya kawaida peke yake walikufa 12. Surua hula akiba ya vitamini A upesi mno, na kwa hiyo upofu mwingi hufuata nyuma yake.

Yatupasa kusema kweli kwa uangalifu: watoto wa Aceh na wa Mvumi walipewa dawa ya vitamini yenye nguvu nyingi kwa mara moja, si mawese. Twataja habari zao ili tujue uzito wa kitu kinachokosekana. Kuhusu mawese yenyewe, uchunguzi uliofanywa Tanzania kwa akina mama wajawazito na wanyonyeshao, uliotangazwa mwaka 2001, ulionyesha ya kuwa mama akila mawese mekundu karotini huongezeka katika damu yake na katika maziwa anayomnyonyesha mtoto. Na katika Burkina Faso mawese yalipopelekwa kwenye vijiji ambavyo havikuwa na desturi ya kuyala, hali ya vitamini A ya akina mama na watoto ilikuwa njema zaidi kuliko hapo mwanzo.

6. Jinsi ya kuyatumia

Mtoto aliye chini ya miezi 6 asipewe mawese wala chakula kingine. Chakula chake ni maziwa ya mama. Anayepaswa kula mawese ni mama mwenyewe, naye humpa mtoto kwa njia ya titi.

Tangu miezi 6, mtoto anapoanza kula uji na vyakula vilivyopondwa, kijiko cha chai kimoja cha mawese kwa siku, kadiri ya gramu 5, chatosha kumpa haja yake ya vitamini A. Kitiwe katika bakuli lake mwenyewe, uji ukiisha kuepuliwa, ili tujue amekila yeye na si kaka zake.

Kwa jamaa nzima, mawese yatiwe katika maharage, mboga au samaki, kwa moto wa kadiri. Yasichomwe mpaka yatoe moshi, wala yale yaliyokaangia vitu mara nyingi yasihesabiwe kuwa bado na nguvu. Yatunzwe katika chombo kilichofunikwa, mahali pasipo jua, kwa maana mwanga na hewa huiharibu karotini kama vile moto uiharibuvyo. Yakiganda wakati wa baridi si dalili ya kuharibika.

7. Mambo ya kujihadhari

Kwanza, mawese ni mafuta, na karibu nusu yake ni mafuta ya namna ile igandayo, ambayo yakizidi huongeza lehemu katika damu na kudhuru moyo. Kwa hiyo mtu mzima asiyafanye kuwa mchuzi. Twashauri kipimo, si wingi.

Pili, si kila kilicho chekundu ni mawese safi. Katika mwaka 2015 mamlaka ya chakula na dawa ya Ghana iliona sokoni mawese yaliyotiwa Sudan IV, rangi isiyoruhusiwa kutiwa katika chakula. Basi yafaa kununua kwa mtu unayemjua na kazi yake unaijua.

Tatu, mawese si dawa ya macho. Yasitiwe machoni kamwe. Mtoto asiyeona magharibi, au mwenye ukungu jichoni, au aliyeshikwa na surua, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, wala asingojeshwa nyumbani kwa vijiko vya mawese. Kadhalika matone ya vitamini A yanayotolewa kliniki kwa watoto wa miezi 6 hata miaka 5 yasiachwe kwa kuwa nyumbani kuna mawese.

Nne, viganja vya mtoto vikionekana vya manjano kidogo kwa kula karotini nyingi, mzazi asiogope. Hali hiyo huondoka kipimo kikipunguzwa. Lakini weupe wa macho ukiwa wa manjano, huo ni ugonjwa mwingine, na tabibu auangalie.

8. Kwa wakaao mbali na mchikichi

Wasomaji wetu wa milimani watasema: kwetu mchikichi haumei. Ni kweli. Lakini kanuni ya rangi ni ile ile. Viazi vitamu vya rangi ya chungwa, boga la manjano, papai, embe bivu na karoti vyote vina karotini. Majani mabichi ya mchicha, kisamvu na matembele yanayo pia, ila rangi yake imefichwa na ukijani. Kosa letu kubwa ni kuzipika mboga hizi kwa maji na chumvi tu. Zikitiwa mafuta kidogo, au karanga zilizotwangwa, mwili hupata njia ya kuichukua karotini ile.

Twafunga somo kwa kurudi Denmark. Wakulima wale hawakuwa watu wabaya, nao waliwapenda watoto wao. Waliona tu ya kuwa kilicho cha nyumbani ni cha kuuzwa, na kilicho cha dukani ndicho cha kuliwa. Mithali yetu yasema: usiache mbachao kwa msala upitao. Mwenye mawese na auze, maana fedha yahitajiwa. Lakini kabla ya kujaza debe la sokoni, na ajaze kwanza chupa ya nyumbani. Kijiko kimoja kwa siku si hasara kubwa katika debe zima. Na jicho la mtoto likiisha kuoza, fedha ya madebe yote haitalinunua.

Maswali ya kukumbuka somo

1. Mafuta ya mise na mawese yatofautianaje, na ni yapi yenye karotini?
2. Dalili ya kwanza ya kukosa vitamini A ni ipi, na kwa nini wazazi huikosea?
3. Kwa nini watoto wa Denmark waliugua katika nchi yenye siagi nyingi? Je, katika kijiji chetu kuna kitu tunachokiuza chote bila kubakiza cha watoto?
4. Mtoto wa miezi 4 atapataje faida ya mawese?
5. Taja mambo mawili yanayoiharibu karotini jikoni kwetu.
6. Ukimwona mtoto wa jirani ajikwaa kila magharibi, utamwambia nini mama yake?